Dereva wa lori anatakiwa kufanya kazi saa ngapi? Hesabu ya safari ya Tukuyu hadi Dar

Tunapozungumzia ajali za malori kwenye kipindi, simu zinazoingia studio hufanana. Mmoja atasema breki zilifeli. Mwingine atasema mwendo kasi. Wa tatu atalaumu barabara. Ni mara chache sana mtu apige na kuuliza: huyo dereva aliamka saa ngapi, na mara ya mwisho kulala kitandani ilikuwa lini?

Swali hilo lina jibu ndani ya sheria za Tanzania, na linatugusa sisi wa Rungwe kwa karibu. Barabara ya kutoka Uyole kupitia Isongole, Kiwira na Tukuyu hadi mpakani Kasumulu inapita katikati ya makazi yetu. Watoto wanaitembea kwenda shule, bodaboda wamo humo humo, na akina mama wanauza ndizi na parachichi pembeni yake. Malori ya Malawi yanapanda na kushuka usiku na mchana. Halafu kuna malori yanayobeba mazao yetu wenyewe, Fuso za viazi na ndizi zinazoondoka jioni kuwahi soko la Dar es Salaam. Madereva na utingo wa magari hayo wengi ni vijana wa hapa hapa. Basi tumeona tuiandike hesabu hii, ili hata uliyekosa kipindi uisome kwenye simu.

Sheria inasemaje

Sheria ya kuangalia hapa ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Watu wengi wanaijua kama sheria ya maofisini na viwandani, lakini dereva aliyeajiriwa naye yumo. Inasema saa za kawaida za kazi ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, kwa siku zisizozidi 6. Zikizidi hapo ni saa za ziada, na hizo zinahitaji makubaliano. Saa za ziada zisizidi 50 ndani ya wiki 4, na malipo yake ni mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Hata mkikubaliana vipi, mfanyakazi hatakiwi kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku moja, saa za ziada zikiwa humo ndani.

Ukifanya kazi saa 5 mfululizo, unastahili kupumzika angalau dakika 60. Kati ya kumaliza kazi leo na kuanza tena kesho, unastahili saa 12 za mapumziko zisizokatika. Saa hizo zinaweza kupunguzwa hadi 8, lakini kwa makubaliano ya maandishi, na pale ambapo katikati ya kazi kuna mapumziko ya angalau saa 3 au mfanyakazi anaishi hapo hapo kazini. Kila wiki kuna saa 24 za kupumzika. Na kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa.

Kipengele tunachotaka ukikumbuke kuliko vyote ni kidogo na wengi wanakiruka. Sheria hiyo inapotaja "siku", inamaanisha saa 24 zinazohesabiwa tangu mfanyakazi anapoanza kazi kwa kawaida. Haihesabu kuanzia gari linapowashwa. Sheria ya ajira inahesabu saa za kazi, na kazi ya dereva wa lori huanza mapema kuliko usukani. Kuzunguka vijijini kukusanya mikungu ni kazi. Kusimamia upakiaji, kufunga turubai, kukagua matairi na kupanga foleni ya mizani ni kazi pia. Ukimuuliza tajiri wa gari kijana wake amefanya kazi saa ngapi, atakuhesabia kuanzia alipotoka Tukuyu. Hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Tufanye hesabu yenyewe

Chukua dereva wa Fuso ya ndizi, yeye na utingo wake. Ameamka saa 11 alfajiri. Saa 2 asubuhi wameanza kuzunguka kuchukua mzigo, kwa mkulima huyu mikungu 30, kwa yule 50. Hadi saa 10 jioni wanapakia na kufunga. Saa 11 jioni wanaondoka Tukuyu.

Tumpe saa moja ya chakula mchana. Hata hivyo, anapowasha gari kuondoka tayari ana saa 8 za kazi. Kwa kiwango cha juu kabisa cha sheria, kile cha saa 12 chenye saa za ziada ndani yake, amebakiwa na saa 4. Zinakwisha saa 3 usiku. Kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, ambao kwa lori lenye mzigo kwenye milima yetu si mbaya, saa 3 usiku hajafika hata Makambako. Kisheria, siku yake ya kazi imeisha. Mzigo unasubiriwa Mabibo.

Kutoka Tukuyu hadi Dar ni karibu kilomita 900. Mwendo wa juu kisheria kwa gari la zaidi ya kilo 3,500 ni kilomita 80 kwa saa. Hebu tuseme dereva ana bahati ya ajabu: anatembea 80 tangu Tukuyu hadi Dar bila kupunguza mwendo hata mara moja, bila tuta, bila mizani ya Uyole, Makambako, Wenda, Mikese wala Vigwaza, bila Mlima Kitonga, bila vibao vya 50 kwenye miji. Bado atatumia zaidi ya saa 11 akiwa kwenye usukani. Kwa wastani wa kweli wa 50 ni saa 18. Maana yake ni kwamba hakuna namna dereva mmoja anaweza kulitoa gari Tukuyu jioni na kulifikisha Dar kesho yake mchana huku akiwa ndani ya sheria ya ajira. Haiwezekani hata akiwa hodari kiasi gani. Safari hiyo inataka madereva wawili, au inataka alale njiani.

Tuendelee na dereva wetu ambaye hakulala. Saa 11 alfajiri ya siku ya pili, akiwa na wastani ule ule, amekaribia kilomita 600. Yuko maeneo ya Mikumi, anaingia hifadhini, barabara imenyooka na giza bado lipo. Muda huo anatimiza saa 24 akiwa macho.

Saa 24 bila usingizi ni kama pombe

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha matokeo ya jaribio lao katika jarida la Nature. Waliwapima watu waliokesha na watu waliokunywa pombe kwa kuwapa kazi ile ile ya macho na mkono. Mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya vibaya sawa na mwenye kiwango cha pombe cha 0.05 kwenye damu. Aliyekaa macho saa 24 alifanya kama mwenye 0.10.

Kiwango ambacho sheria yetu ya usalama barabarani inakihesabu kuwa ni ulevi kwa dereva ni 0.08. Kwa hiyo yule wa Mikumi, ambaye hajagusa hata tone, yuko vibaya kuliko mtu ambaye trafiki angemshusha kwenye gari. Tofauti ni kwamba kile kifaa cha kupuliza hakipimi usingizi. Atapuliza, kitasoma sifuri, ataambiwa safari njema.

Mwili una saa zake. Usingizi unavuta zaidi kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, halafu tena kidogo alasiri. Dereva aliyechoka huwa anadhani anaona usingizi ukija na kwamba atausimamisha kabla. Lakini kuna usingizi wa sekunde 3 au 4 ambao mtu hajui hata kama ameulala, macho mara nyingine yakiwa wazi. Kwa mwendo wa 80, sekunde 4 ni karibu mita 90. Ni kama gari kukata uwanja mzima wa mpira bila mtu ndani.

Mbinu za kijiweni tunazijua wote: kahawa, soda za kuongeza nguvu, kufungua dirisha, muziki mkubwa, na wengine mirungi, ambayo hapa nchini ni kosa la jinai hata kukutwa nayo. Dirisha na muziki havisaidii kitu cha maana. Kahawa inasaidia kidogo na kwa muda, na inachukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi. Kusinzia dakika 20 gari likiwa limeegeshwa salama kunasaidia kweli, lakini ni kwa kuvuka saa moja au mbili. Kinacholipa deni la usingizi ni usingizi.

Na breki je?

Msikilizaji atatuambia, ninyi mnaongea usingizi wakati ripoti kila siku ni breki. Ni kweli, na ubovu wa breki ni tatizo kubwa ambalo hatulikwepi. Mteremko wa Igawilo, wa kushukia Uyole ukitoka kwetu, umetuachia misiba ambayo hatuhitaji kuikumbusha. Lakini breki na uchovu si mambo mawili yanayoishi mbali.

Lori lenye mzigo linashuka mlima kwa gia nzito, ile ile ambayo lingepandia, ili injini ifanye kazi ya kulizuia na breki ziguswe kidogo kidogo. Dereva akichagua gia hiyo lazima aichague juu, kabla mteremko haujaanza. Akichelewa, gari limeshashika kasi na gia haingii tena. Akikanyaga breki mfululizo zinapata moto, na breki ya moto haishiki hata ikiwa mpya kutoka dukani. Wapo pia wanaotia frii ili kuokoa mafuta, na hao tusiwaite waliochoka, tuwaite kwa jina lao.

Sasa, kuchagua gia kabla ya mteremko ni uamuzi wa sekunde chache unaotaka kichwa chepesi. Ukungu wa Isongole mnaujua. Mtu aliyeshinda anapakia, anayepandisha na mawazo yake yapo nusu, anagundua mteremko akiwa ameshaanza kuushuka. Baada ya ajali, mkaguzi atakuta breki zimeungua na ataandika breki. Ataandika ukweli alioukuta, kwa sababu chuma kinabaki pale kukaguliwa. Uchovu haubaki.

Kwa nini hawalali

Hatuamini kwamba madereva ni watu wasiopenda maisha yao. Wengi wanalipwa kwa tripu au kwa posho ya safari. Tripu mbili kwa wiki ni pesa, tripu moja ni njaa. Kulala kwenye nyumba ya wageni Makambako au Mafinga kunatoka kwenye posho hiyo hiyo. Na akilala chumbani, nani analinda dizeli na turubai? Kwa hiyo analala kwenye kiti, jicho moja limefumba. Sheria ya ajira ilishaliona hilo kwa mlango mwingine: mwajiri halazimiki kulipia yale mapumziko ya dakika 60, isipokuwa mfanyakazi anapotakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi katika muda huo. Dereva anayeambiwa "pumzika lakini usiache gari" hapo yuko tayari kwa kazi.

Abiria wa basi wana sauti. Wakimuona dereva anasinzia watapiga kelele, watapiga picha, watapiga simu polisi. Kwa mabasi ya masafa marefu tumeshazoea pia sharti la madereva wawili safari ikizidi saa 8, na mwenendo wa magari hayo unafuatiliwa na LATRA kwa mtambo. Hata zuio la mabasi kusafiri usiku, lililodumu miaka mingi hadi lilipoondolewa mwaka 2023, halikuwahi kuyahusu malori. Lori lina utingo tu. Utingo ambaye naye amepakia mchana kutwa, na ambaye mara nyingine ndiye anayepewa usukani saa 9 usiku bila leseni ya gari hilo ili "kaka apumzike". Huyo si dereva wa pili.

Na kuna sisi wenye mzigo. Hapa tutasema wazi hata kama wapo watakaonuna. Mkulima anachelewesha kukata ndizi ili zisinyauke, dalali anashikilia bei hadi alasiri, gari linajaa jioni, halafu wote tunamwambia dereva "wahi soko". Kila mmoja ameokoa saa zake kwa kuchota kwenye usingizi wa mtu mmoja. Mzigo ukikusanywa jana yake na gari likaondoka saa 12 asubuhi, dereva yule yule anaanza safari akiwa amelala usiku, na akifika Iringa jioni anaweza kulala tena. Sokoni mzigo utachelewa kwa nusu siku. Viazi haviozi kwa nusu siku. (Lumbesa nayo ina mchango wake kwenye uzito na mizani, lakini hiyo tunaiwekea kipindi chake.)

Wenzetu wamefikaje huko? Umoja wa Ulaya unahesabu hasa muda wa kushika usukani: saa 9 kwa siku, zinazoweza kufika 10 mara mbili kwa wiki, na kila baada ya saa 4 na nusu dereva anasimama dakika 45. Marekani ni saa 11 za kuendesha, ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi. Pande zote mbili, ndani ya gari kuna kifaa kinachoandika saa hizo, na askari anaomba kukiona kama anavyoomba leseni. Angalia ile ya Marekani: saa 14 zinaanza kukimbia tangu kazi ilipoanza, hata kama dereva ameshinda kwenye foleni ya kupakia. Ni wazo lile lile la "siku" lililomo kwenye sheria yetu, ila kwao kuna kifaa kinacholisimamia.

Ukiwa dereva, au una ndugu dereva

Aprili na Mei 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchini, na nchi ilisimama. Moja ya madai makubwa ilikuwa mikataba ya ajira. Wengine walicheka wakati ule, kwamba dereva anataka karatasi ya nini. Karatasi ndiyo inayobeba saa. Bila mkataba, tajiri anaweza kusema wewe ni deiwaka tu, ulipewa gari kwa tripu ile. Hata hivyo usikate tamaa kwa kukosa mkataba: Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inatazama hali halisi. Kama unafanya kazi chini ya maelekezo ya mtu, kwa vifaa vyake, na unamtegemea kwa kipato, inaanza kwa kukuchukulia kuwa mwajiriwa, na yeye ndiye wa kuthibitisha vinginevyo. Anayeendesha gari lake mwenyewe hana mwajiri, na kwake saa hizi za sheria ya ajira hazimshiki. Usingizi unamshika.

Ukiwa na mgogoro na mwajiri, mahali pa kupeleka ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaiita CMA. Kama umeachishwa kazi, kwa mfano kwa kukataa kuendesha usiku wa pili mfululizo, una siku 30 za kufungua shauri. Kwa madai mengine, kama malipo ya saa za ziada, ni siku 60. Siku hizo zinakwisha haraka ukizitumia kwenye vikao vya ukoo.

Ushahidi utakaokusaidia ni mdogo na rahisi. Nunua daftari la kurasa 40. Kila siku andika saa uliyoamka, saa uliyoanza kupakia na mahali, saa uliyoondoka, saa uliyosimama na kwa muda gani, saa uliyolala. Karatasi za mizani na risiti za mafuta zenye tarehe na saa, zibanike humo humo usizitupe dirishani. Ujumbe wa tajiri unaosema "usilale, mzigo unasubiriwa" usiufute kwenye simu. Na daftari likae kwako nyumbani ukirudi, lisibaki kwenye gari, kwa sababu siku utakayolihitaji huenda funguo za gari hilo huna tena.